Usinipime kwa Jicho

Bi Mwanamkuu alikuja Jumanne, baada ya adhuhuri,
mrashi ndani ya mtandio, mtandio ndani ya mfuko wa unga.
"Nina binti wawili," akasema, "na mrashi mmoja.
Nitolea wa pili kabla sijafa, wasije wakatoana mato."

Kabla ya hapo nilikuwa nimeshapima
meno ya bandia ya karani mmoja wa bandarini,
njumu za mlango wa Ndia Kuu,
birika la kahawa lililobonyea ubavu.
Kitu unakizungusha, unakipiga picha pande zote,
kompyuta inatafuta alama ileile, hapa na pale,
inafunga hesabu, na umbo linasimama.
Kazi ya kunilisha. Siku nyingine hata sifikiri.

Mrashi niliuweka juu ya kibao cha chapati.
Picha sitini. Na katika zote sitini mrashi haumo.
Umo ukuta wangu wenye ufa,
imo feni, imo kamba ya nguo za jirani pale Kuze,
nimo mimi mara mbili, mdogo kama chawa,
mmoja wima, mmoja kichwa chini, kamera usoni.
Kompyuta ikaniletea donge,
kama ubani uliotafunwa ukabandikwa chini ya dawati,
na palipokuwa na tumbo, tundu.

Twalib wa duka la chini akasema wenzetu hupaka poda:
kitu kikishakuwa cheupe, mwanga hauna pa kupita.
Nikampigia simu mwenyewe.
"Nipaka poda miye. Mrashi uwate."
Kisha, kabla hajakata:
"Ikiingia shingoni ataitoa nani? Una kidole chembamba hivyo?"

Basi nikakaa nao.
Wiki nzima nikakaa na kitu
ambacho kazi yake ni kukuonyesha kingine.

Siku umeme ulipokatika nilifungua dirisha,
na kwa kuwa jua lilinichoma macho
nikatundika leso ya mama, ile ya zambarau.
Jina lake bado lasomeka: USINIPIME KWA JICHO.
Nikachungulia kupitia mrashi.
Juu, penye hewa, maneno yalitetemeka kidogo tu.
Chini, penye marashi ya vidole viwili,
JICHO lilijigeuza, likajisoma kinyumenyume.
Shingoni, kioo kilipo kinene,
P ilibanwa ikawa sindano.

Nikaketi sakafuni.
Sikuwa na haja ya kuuona mrashi.
Nilitaka kujua leso imepotoshwa wapi, na kwa kiasi gani.

Picha mia na arobaini. Leso nimeipiga pasi,
na kila nukta ya mji wake na pindo zake nikaiuliza:
hapa si kwenu, umepindia wapi?
Mwanga huvunjika ukiingia kioo, ukavunjika ukitoka,
na kioo kina nje na ndani, kuta mbili, kwa hivyo mara nne,
na hesabu ya mara nne hairudi nyuma kwa hiari.
Unabuni umbo. Unauliza leso ingeonekanaje.
Unakosea. Unasogeza kwa upana wa unywele. Unabuni tena.
Umeme uliporudi kompyuta ilishika zamu, ikihema usiku kucha.

Adhana ya alfajiri imeshapita nilipoona bega la mrashi.
Kisha unene: kushoto umezidi.
Fundi alikuwa amechoka, au alikuwa na kifua.
Na karibu na kitako, ndani ya kioo chenyewe, kiputo,
kidogo kuliko punje ya mtama,
hewa ya siku hiyo, popote siku hiyo ilipokuwa.
Kompyuta ikauliza: kasoro, ifutwe?
Sikujibu mpaka nimalize chai.

Bi Mwanamkuu alitazama umbo la kijivu likizunguka.
"Huu si wangu. Wangu hauonekani."
Akasogeza uso kwenye skrini. "Na hapa?"
Nikamwambia ni kiputo, nimekiacha.
Akanyamaza. Akautoa mrashi mtandioni,
akauinua dirishani, akaugeuza, akaugeuza,
hakuona kitu ila nguo za jirani.
"Mama alikuwa akisema una jicho.
Nikidhani ni maneno ya kututia adabu."
Akaufunga tena, taratibu, fundo mbili.
"Wa pili nao utie jicho," akasema mlangoni.
"Wasije wakaanza upya."